Mwaka Tuliopimwa Nguvu, Mimi na Koleta

Siku tuliyomzika Koleta niliinuka kutoka kwenye mkeka wa waombolezaji bila kushika ukuta wala bega la mtu, na wanawake wakanitazama. Wengi pale walikuwa rika langu, na kila aliyetaka kuinuka alimwita mjukuu amvute mkono. Mimi nilirudisha miguu nyuma, nikainama mbele kidogo, nikasukuma kwa mapaja, nikasimama. Nitasema ukweli, maana umri huu hauna tena faida ya kuficha: kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sala. Nilitamani Koleta anione. Miaka zaidi ya hamsini tuliishi tukitazamana, na siku ninayoinuka vizuri kuliko wanawake wote wa Bugomora, yeye yuko chini ya udongo mbichi pale nyuma ya migomba yake, hana jicho la kunitazama. Hata hapo niliona kama amenionea.

Koleta alikuwa mke wa Theonest, kaka mkubwa wa mume wangu Novatus. Tuliolewa mwaka mmoja, yeye akitokea Kanoni, tukapewa vibanja vinavyopakana, katikati pana mstari wa miti ya mpaka na njia ya mbuzi. Aliniita mdogo wangu kwa sababu mume wake ni mkubwa, ingawa mimi nilimzidi miezi minne, na mama yangu alikuwa na cheti cha ubatizo cha kuthibitisha. Alikuwa mwanamke wa mifupa mipana. Aliweza kubeba mkungu mzima wa ndizi kichwani, dumu la maji mkononi na mtoto mgongoni, akapanda kilima chetu huku anaongea. Mimi nikifika juu nilikuwa sina hata pumzi ya kumsalimia mtu. Siku moja nimekaa nje ya jiko la mama mkwe wetu, Ma Paskazia, namenya ndizi, nikamsikia ndani akimwambia jirani aliyekuja kuomba moto: "Nimepata wakamwana wawili. Mmoja mikono, mmoja mdomo." Hakusema nani ni nani. Nilimaliza kumenya ndizi zile zote, nikazipanga kwenye chungu na kuzifunika majani, na hata wali wa sikukuu usingepata nafasi siku hiyo, kwa jinsi tumbo lilivyokuwa limejaa neno moja.

Mwaka ninaotaka kuueleza haukuwa wa ujana. Wengine wakisimulia mwaka uliowajenga husimulia wakiwa na miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa nimeshavuka sitini, nina wajukuu saba, na bado nilikuwa sijajengwa. Ndipo walipokuja wataalamu wa misuli. Walikuwa wawili. Mmoja Bwana Projestus, mtu mzima mwenye miwani, asiyecheka, kazi yake kupima. Mwingine Jeneroza, binti wa Muleba, mwembamba lakini ana mikono migumu kama ya mchoma mkaa, kazi yake kufundisha mazoezi. Walikodi ukumbi wa parokia, wakatoa viti vyote wakabakiza viwili, wakaita wanawake wa kuanzia miaka sitini. Jeneroza alitueleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kihaya tulipokunja nyuso. Alisema mtu akizeeka misuli inapungua, hasa ya mapaja, kama mgomba unaokauka kutokea ndani huku nje bado una majani. Wanataka kujua kama mazoezi yanaweza kuirudisha kwa mwanamke ambaye maisha yake yote amelima na kubeba, au kama mwanamke huyo hana cha kuongezewa. Ikionekana yanasaidia, watayapeleka kila kata, mpaka Nkwenda na mbele yake. Evodia aliuliza kama yanasaidia na magoti. Stelia akauliza kama yanarudisha na meno.

Tulipimwa wote kwanza. Bwana Projestus alikuwa na chuma cha kukamata mkononi chenye mshale. Unakiminya, mshale unasema. Alikuwa na mashine ya kuangalia ndani ya paja, ile ile wanayowapaka wajawazito, na dawa yake baridi inayoteleza kama mlenda. Tulitembea dakika sita kati ya koni mbili, kwenda na kurudi, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Lakini kipimo kikubwa kilikuwa kiti. Unakaa, unakunja mikono kifuani, akisema anza unasimama na kukaa, unasimama na kukaa, mpaka saa yake ilie. Koleta alisimama mara kumi na moja. Mimi nane. Hawakutuita kwa majina, walitupa namba. Koleta alikuwa kumi na tisa, mimi ishirini, kwa sababu kwenye foleni alikuwa mbele yangu. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni zote: ya harusi, ya uzazi, ya komunyo.

Kisha zikaja bahasha. Jeneroza alisema tutagawanywa makundi mawili kwa bahati tu, hakuna anayechagua, hata yeye. Ukitoa karatasi ya kijani unafundishwa mazoezi miezi minne. Ukitoa ya njano unangoja. Unaishi kama kawaida, usibadilishe chochote, mwishoni mnapimwa wote tena, na wa njano nao watafundishwa. Nawakumbuka waliotoa kijani kama wamesimama mbele yangu sasa hivi: Evodia, Stelia, Restituta, Ma Yustina wa kisimani, Domitila aliyekuwa hasikii sikio moja, na Koleta. Mimi nilifungua bahasha yangu polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Njano. Jeneroza aliniona uso, akaniambia, "Bibi, mnaongoja ndio mnatuonyesha ukweli. Bila ninyi hatuwezi kujua chochote." Nilimwitikia, "Ndiyo, mwanangu." Moyoni nilikuwa nasema, basi wewe ngoja, mimi nipe kijani.

Watu waliosoma watanisamehe, lakini sikuweza kuielewa kazi hiyo ya kungoja. Kijijini kwetu mtu akipewa kitu na jirani yake asipewe, hilo ni jambo. Ng'ombe akichinjwa, hata mwenye ugomvi na mwenye ng'ombe hutumiwa kipande cha utumbo ili asile mchuzi wa harufu. Sasa hawa wanatuweka upande huu wa ukuta tusikilize wenzetu wakifundishwa kuwa na nguvu, halafu wanatushukuru. Jumatatu na Jumatano kijani walikwenda ukumbini. Walivuta mipira, walipanda na kushuka kwenye boksi la mbao, waliinua madumu ya mchanga. Wakimaliza walipewa uji na yai la kuchemsha, maana misuli hailishwi kwa maneno. Nilijua yote hayo kwa sababu kila Jumatano jioni Koleta alipita kwangu na nusu ya yai lake limefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. "Mdogo wangu, nimekuletea." Nilimwambia nimeshiba. Aliliacha kwenye kibao cha vyombo na kuondoka. Nililiangalia. Nililiangalia tena. Mwishowe nililila nimesimama, nimeugeuzia mlango mgongo, na lilikuwa tamu mno, na utamu wenyewe ndio uliniudhi.

Ijumaa na Jumamosi kijani walitakiwa kufanya mazoezi nyumbani asubuhi. Koleta angeweza kufanyia ndani, au uani nyuma ya jiko. Hakufanya hivyo. Alitoa kigoda chake akakiweka mbele ya nyumba, karibu na mikeka ya kuanikia kahawa, ameelekea upande wangu, akafunga kitenge kiunoni, akaanza. Na alihesabu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa napalilia migomba upande wa pili wa miti ya mpaka. Nikasema peke yangu, tazama huyu, anataka hata ndege wajue kuwa ana kijani. Jumamosi alirudia.

Wiki ya tatu sikuweza kuvumilia tena. Nilichukua kigoda changu, nikakipeleka kati ya mashina matatu ya migomba yaliyosongamana, nikakaa pale kama mwizi. Alipoanza kuhesabu, nami nikaanza. Na tangu wiki hiyo akifika kumi hakukoma: alipumzika kidogo, akasema, "Na nyingine," akasimama mara ya kumi na moja, nami nikasimama naye huku nacheka kwa ubaya kwamba hata hesabu ya darasa la kwanza imemshinda. Niliiba kila kitu. Niliona anavyorudisha miguu nyuma kabla ya kuinuka, nikarudisha yangu. Alipopanda na kushuka kwenye jiwe la mlangoni, nilipanda na kushuka kwenye gogo. Nilijaza mchanga kwenye dumu la lita tano. Nilikata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli ya Novatus, na alipouliza nikamwambia nimefungia kuku. Akasema kuku gani anafungwa kwa mpira wa baiskeli, nikamwambia kuku mkorofi. Mapaja yaliuma siku mbili, halafu yakazoea. Mwezi wa pili nilipanda kilima na dumu la maji kichwani, nikamkuta Restituta juu, nikamsalimia bila kuhema. Mwezi wa tatu nilikuwa namtangulia Koleta kwenda misa, nikisikia hatua zake nyuma yangu, na nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Sikufikiri hata siku moja juu ya wale wanaongoja kuonyesha ukweli. Nilifikiri juu ya kiti kimoja, na mara ngapi.

Siku ya kupimwa mwisho ukumbi ulijaa. Tulikaa kwenye benchi kwa namba. Bwana Projestus hakutakiwa kujua nani kijani nani njano, na tulikatazwa kumwambia, ili jicho lake lisipendelee. Kumi na tisa aliitwa. Koleta alisimama na kukaa mara kumi na nne, wanawake wakapiga makofi. Kisha mimi. Sikumbuki kuhema. Nakumbuka ukuta mbele yangu, na ufa kwenye plasta wenye umbo la mkia wa mbuzi, ukishuka na kupanda. Saa ilipolia Bwana Projestus alikuwa ametamka kumi na tano. Halafu Jeneroza akanichukua pembeni na karatasi yake ya maswali. Palikuwa karibu na benchi, Koleta amekaa pale anakaza kitenge chake, anasikia.

"Namba ishirini, katika miezi hii minne umefanya mazoezi yoyote, mbali na kazi zako za kila siku?"

"Hapana, mwanangu. Ni jembe tu."

Aliandika. Sikumtazama Koleta, lakini nilingoja sauti yake kama unavyongoja radi baada ya kuona mwanga. Alikohoa tu. Na matokeo yaliposemwa mlangoni, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Hongera, mdogo wangu." Nikawaambia wote, mimi sikufundishwa na mtu, nguvu yangu ni ya kuzaliwa. Nilisema hivyo. Nilitembea kwenda nyumbani nikitamani Ma Paskazia afufuke saa moja tu, asikie mdomo umeshinda mikono.

Ila nilikuwa nimesahau ngata yangu ukumbini, nikarudi kuichukua, na dirisha lilikuwa wazi. Bwana Projestus alikuwa anamwambia Jeneroza kwamba kundi la njano limewavuruga. Limepanda mno. Tofauti waliyoitegemea haionekani vizuri. Jeneroza alisema labda kuna waliofanya kwa siri. Akajibiwa kuwa wote waliulizwa, wote wamekana, na karatasi ndiyo inayosema. "Labda tuandike tu kwamba wanawake wa huku hawana la kuongezewa. Kilima na jembe vinawatosha." Nilisikia Jeneroza anakunja mipira, mmoja mmoja, anaitia kwenye mfuko. Ningeweza kuingia. Mlango ulikuwa hatua tatu. Lakini kuingia maana yake ni kurudisha ile kumi na tano, na nilikuwa nayo kwa saa moja tu. Niliiacha ngata yangu pale, nikaondoka.

Walitufundisha wa njano wiki moja kama walivyoahidi, nikajifanya sijui chochote, Jeneroza akanisifu kwa kushika upesi. Baadaye gari lao likaenda na mipira, boksi na mashine. Kata nyingine hazikufikiwa. Sijui kama ni kwa sababu yangu peke yangu. Huenda palikuwa na mwingine kati ya migomba mingine. Ninajua tu kwamba Evodia alianguka mwaka uliofuata akivuka mfereji na hakuinuka vizuri tena, na kila nilipokwenda kumwona nilipeleka mayai mazima.

Miaka ikapita. Theonest alikwenda, Novatus akamfuata. Kisha mwaka jana, msimu wa kahawa, upande mmoja wa Koleta ulilegea. Binti yake Editha alikuwa anafanya kazi ya duka Nkwenda na hakuweza kuwapo mchana, akaniomba. Nikasema nitakuja. Sitadanganya kuwa ulikuwa upendo mtupu. Sehemu moja yangu ilitaka kuona mwili ule mkubwa ukinihitaji. Kila asubuhi nilipita njia ya mbuzi, nikaingia chumba chake chenye harufu ya mafuta ya kuchua na kahawa kavu iliyorundikwa kwenye magunia pembeni, nikaweka magoti yangu dhidi ya magoti yake, nikamkumbatia chini ya makwapa, nikamnyanyua kutoka kitandani kwenda kitini. Na wageni walipokuja walisema nini? Walisema, huyu Koleta ana uvumilivu, tazama anavyotabasamu. Mimi niliyekuwa nimemnyanyua nilikuwa nimesimama pale na jasho, nikatumwa kuleta karanga.

Siku moja tulikuwa wawili tu. Nilimsaidia kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, ili mguu wake mzuri usisahau kazi. Nilihesabu mimi. Tulipofika kumi nikataka kumlaza.

"Na nyingine," akasema, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

Nikamwambia, dada, hesabu hii imekushinda tangu zamani, kumi ni kumi. Akacheka, na cheko lake lilikuwa limepinda.

"Ile ilikuwa yako."

"Ipi yangu?"

"Ya juu ya kumi. Ulikuwa unachelewa kuanza. Mpaka utulie kwenye migomba yako, mimi nimeshasema moja. Nikasema nisipoongeza, mdogo wangu atapungukiwa."

Nilimshikilia pale pale, hajakaa, hajalala. Nikakumbuka kigoda mbele ya nyumba, uso umeelekea kwangu, ile sauti ya kuita ng'ombe. Nikamuuliza, na ukumbini je, niliposema jembe tu, mbona ulinyamaza?

"Ningesema," akajibu, "na wewe ungeshinda lini?"

Nilimlaza, nikamfunika, nikaenda zangu bila kuaga. Nilipita njia ya mbuzi nalia kwa hasira. Mtu akikuibia unaweza kumshitaki, lakini mtu aliyekuacha umwibie, akakuhesabia na kukuongezea, utamshitaki wapi? Kitu kimoja nilichokuwa nacho maishani kumzidi, kumbe alikuwa amekishika mkononi akanipa, kama nusu yai. Kesho yake nilirudi, maana nani angemnyanyua. Hatukulizungumza tena. Nilipofika kumi, niliongeza.

Baada ya mazishi niliitafuta ndani ya kitabu changu cha sala kadi ya namba ya simu aliyotuachia Jeneroza. Mjukuu wangu Anitha alibonyeza namba, akaniwekea simu sikioni, tumekaa kwenye kibaraza cha jiko. Jeneroza siku hizi yuko Bukoba. Alinikumbuka, au alijifanya. Nilimwambia Koleta amefariki, akanipa pole. Kisha nikamwambia yote: migomba, kigoda, mpira wa baiskeli, uongo wa jembe. Nikangoja anikaripie. Nikamuuliza Anitha kama simu imekatika.

"Bibi," Jeneroza akasema, "mara ngapi kwa wiki?"

"Mbili. Ijumaa na Jumamosi."

"Dumu la lita ngapi?"

"Tano. Mchanga."

"Na chakula? Ulibadilisha chakula?"

"Nusu yai. Kila Jumatano."

Nilisikia kalamu. Akasema kazi ile ilishafungwa zamani, hawezi kurudisha miaka, lakini atawaandikia wenzake kilichotokea, kwa sababu bado kuna watu wanaosoma kwamba sisi hatuna la kuongezewa. Akaniuliza kila zoezi nilirudia mara ngapi. Nikamwambia tulihesabu mpaka kumi na moja.

"Tuliwafundisha kumi, bibi. Ya kumi na moja ulitoa wapi?"

"Kwa Koleta. Andika jina lake."

"Majina hatuandiki. Tunaandika namba."

Basi nikamwambia aandike kumi na tisa. Na mimi, akauliza, nilikuwa ngapi? Nilitazama ng'ambo ya miti ya mpaka, kigoda chake bado kiko mlangoni, Editha hajakiingiza ndani. Nikamwambia mimi ni yule anayefuata.